Masikio ya Ukuta

Kazi yangu ni kuosha vishikio.
Kila Jumatatu, Plovdiv ingali ndani ya ukungu,
Kalin hunishushia makreti kumi na moja:
vyekundu, vya samawati, vya rangi ya kiini cha yai,
plastiki iliyogandwa na chaki na jasho la watu nisiowajua,
vipande vya plasta, na mara moja, ukucha.
Ghala hili lilikuwa la tumbaku.
Siku za joto mbao bado huitoa harufu yake, kama kikohozi.

Baba yangu, Ognyan, alikuwa mtunza jengo la shule.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa.
Yeye ukuta alikuwa nao tayari,
akautafutia ufa.
Majira ya baridi ya sabini na nne, theluji imeifunga milima,
aliingia na tindo usiku kwenye ukumbi wa mazoezi,
akang'oa tofali hapa, akachonga ukingo pale,
akapachika kwa saruji mawe ya mto Maritsa.
Mkuu wa shule alipouliza, alijibu: panya.

Panya wenye tindo!
Mkuu naye akanyamaza,
maana Alhamisi alionekana, soksi mfukoni,
ananing'inia kwenye jiwe la tatu.

Godoro halikuwepo. Palikuwa na mazulia mawili
na blanketi ambalo mama alilitafuta hadi machipuko.
Mpanda ngazi hushuka, ndiyo,
ila pale ulishuka kwa kiuno.

Halafu plaiwudi, gerejini kwa mjomba Stamen,
imeinama kama paa linalokuwazia mabaya.
Mawe yakatobolewa kwa keekee:
katika kila matatu, moja lilipasuka,
na mjomba akalitukania mama yake, mlima.

Kisha gundi na mchanga katika ndoo moja,
vikikorogwa kwa mwiko wa jikoni, vikimiminwa kalibuni.
Mjomba alikohoa miaka miwili.
Vilitoka vya kijivu, vikali kama msasa,
vyenye sura za pua, za magoti, za masikio.
Masikio hasa, kwani aliiga lake mwenyewe, la kushoto.
"Kuta zina masikio," alitunong'oneza
akikaza bolti,
enzi ambayo maneno hayo hayakuwa mzaha,
na mama aliinuka kufunga dirisha.

Leo Kalin huchora kwenye kompyuta.
Vishikio vingine ni vipana kuliko mlango wa gari,
havina pa kushika, duara tupu, laini kama shavu.
Vijana hawavishiki. Huvikimbilia,
huruka, hugusa, wameshaondoka.
Chumba cha nyuma kuna ukuta wa taa:
unaiambia simu, nao unawaka
pale utakapoteseka.

Baba alikuja mara moja, ana miaka themanini na miwili,
kofia mkononi kama aliyeingia kanisani.
"Na watu wakivizoea?"
"Tunavibadilisha, Baba. Kila wiki mbili."
Alicheka mpaka akatafuta kiti.
Kutoka jiwe la nne kwenda la tano
kulimla majira matatu ya baridi,
na jiwe la tano halikuwahi kusogea.

Shule ilibomolewa Oktoba.
Nilikwenda na toroli, nikawaomba wavunjaji tofali moja.
"Lipi?" Yote yalikuwa mekundu, yote yana vumbi.
Nilipapasa rundo lile nimefumba macho
hadi kidole kikatumbukia.

Sasa tofali linazuia mlango wa chumba cha kuoshea.
Jana Bilyana, mtoto wa Kalin, miaka tisa,
alichuchumaa mbele yake.
"Hiki nacho ni kishikio?"
"Kilikuwa."
"Kinateleza."
"Kimeshikwa sana."
Akapaka chaki, akaingiza vidole viwili,
akalinyanyua sentimita moja, mbili, ulimi nje,
na mlango ukajifunga nyuma yetu.